Abiria wa Katikati

Mke wangu ana ugonjwa wa filamu za mapenzi ya safarini. Zile ambazo mwanamume na mwanamke wasiopatana hata kwa salamu hujikuta kwenye basi moja au mashua moja. Wanagombana kutwa kucha, mvua inawanyeshea, chombo kinaharibika, na kabla filamu haijaisha wameshakumbatiana. Mimi hukaa kando yake kwenye kochi nikiuliza swali ambalo hajawahi kulijibu: hao abiria wengine je? Basi limejaa. Humo ndani mna mtu anayewahi mazishi. Mna mama aliyeacha maharagwe motoni. Hawa wawili wanapendana pole pole kwa gharama ya wenzao, na hakuna hata mmoja anayeshuka akadai nauli yake.

"Wewe huna moyo," mke wangu husema, halafu anaongeza sauti ya televisheni.

Moyo ninao. Ninao na mgongo pia, na mgongo ndio uliopata hasara.

Chukua ile mama yao wote, It Happened One Night, aliyoielekeza Frank Capra mwaka 1934, ikanyakua Oscar tano kubwa kwa mpigo mmoja. Claudette Colbert ni binti wa tajiri aliyetoroka kwao; Clark Gable ni mwandishi wa gazeti aliyefutwa kazi. Wanapanda basi kutoka Miami kwenda New York. Ndani ya basi kuna abiria anayeitwa Shapeley. Ana mdomo, nakubali, lakini amelipa tikiti yake na amekaa kando ya yule binti kihalali. Gable anakuja, anajifanya mume wa mtu, na Shapeley anahamishwa. Baadaye anatishiwa hadi anatimua mbio usiku. Watu wa kwenye kochi wanacheka. Hakuna aliyeuliza Shapeley alifikaje alikokuwa akienda.

The African Queen inaniuma zaidi kwa sababu ni ya huku kwetu. John Huston aliwaleta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn hadi Kongo na Uganda, filamu ikatoka 1951, na Bogart akapata Oscar yake ya pekee kwa kazi hiyo. Hadithi imewekwa mwaka 1914, vita vimeingia Afrika Mashariki ya Wajerumani: dada mmisionari aliyefunga vifungo hadi shingoni na nahodha mlevi asiyenyoa ndevu wanateremka mto kwa mashua mbovu kwenda kuizamisha meli ya Wajerumani. (Meli hiyo ilitokana na Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika, ambayo ndiyo MV Liemba. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, Waingereza wakaiopoa, ikabeba watu na dagaa kutoka Kigoma miaka na miaka bila kubusiwa na mtu.) Dada anaimwaga jini yote ya nahodha mtoni, na kwa sababu nisizozielewa nahodha anampenda. Sawa. Lakini mwanzoni alikuwapo mtu wa tatu, kaka yake yule dada, mchungaji. Unajua walimfanya nini? Wakamfisha kwa homa kabla mashua haijaondoka. Mapenzi yalihitaji nafasi.

Hata nyuma ya kamera mambo yalikuwa yale yale. Hepburn na wenzake wengi waliugua tumbo kwa sababu ya maji, huku Bogart na Huston, waliokuwa wakishindia wiski, wakidunda tu.

Basi mimi ndiye Shapeley. Kesi yangu ilitokea kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kericho, mahali panapoitwa Awasi, na kwa kuwa hakuna mahakama inayoipokea, naileta hapa.

Nilikuwa naenda Kericho kudai pesa zangu. Mdaiwa, ambaye simtaji kwa kuwa bado nina matumaini, alikuwa ameniambia nifike kabla ya saa sita, maana saa sita angesafiri. Kutoka Kisumu ni kama kilomita 80. Nikaenda steji asubuhi na suti yangu ya kijivu, ile ninayoivaa ili watu wanaodaiwa waogope, nikajiona mjanja.

Gari lilikuwa limebakiza kiti kimoja, nyuma kabisa, katikati. Marehemu John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, alipoleta sheria zake za matatu mwaka 2004 alitupa mikanda, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa njano ubavuni na mwisho wa kupakia watu hadi mlangoni. Mungu amrehemu. Lakini hakuandika hata kifungu kimoja cha kumkinga abiria wa katikati. Huyu hana dirisha, hana pa kuegemeza kichwa, na mkanda wake siku zote ndio ule uliokatika.

Kushoto kwangu, dirishani, alikaa dada wa miaka kama thelathini, nywele zimetoka saluni jana yake, kapu la ngege wa kukaanga limefunikwa gazeti miguuni pake. Alikuwa anawapelekea wateja Kericho. Kulia, kwenye dirisha la pili, alikaa bwana mrefu aliyevaa koti zito, la baridi ya kwao, kwenye joto la tambarare ya Kano. Amepakata kibuyu chenye shanga cha mursik, maziwa yaliyochachushwa. Alikuwa amemletea shangazi yake Kisumu, akakuta shangazi yuko Eldoret, na sasa kibuyu kilikuwa kinarudi nyumbani bila kufunguliwa, kikizidi kukasirika kwa kila kilomita.

Vita vilianza Nyamasaria. Bwana alifungua dirisha lake. Upepo ukaingia kwake, ukapita kifuani mwangu, ukaishia kwenye nywele za dada.

"Mzee," dada akaniambia mimi, "hebu mwambie jirani yako afunge dirisha."

"Mzee," jirani akajibu, "mwambie kuna watu wanachemka huku."

Walikuwa wametenganishwa na mabega yangu tu, na mabega yangu si mapana. Wote wanajua Kiswahili. Lakini kila neno lilipitia kwangu. Na huyo "mzee" mnayemsikia bado ana nywele nyeusi za kutosha, ukimtazama kwa upande mmoja.

Kufikia Rabuor dirisha lilikuwa limefungwa na kufunguliwa mpaka kioo kikaanza kulegea, wakaingia kwenye suala la harufu. Bwana alisema, kwa dari, kwamba gari si soko la samaki. Dada akasema, kwa mgongo wa kiti cha mbele, kwamba kuna watu wanalaumu samaki na wao wamebeba maziwa ya mwezi uliopita yaliyotiwa makaa. Bwana akaumia. Akaeleza, kupitia kwangu, kwamba kibuyu husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti maalumu, senetwet, ndiyo maana maziwa hukaa bila kuharibika, na kwamba hicho ndicho kinywaji wanachopewa wanariadha wakitua uwanja wa ndege na medali.

"Na yeye," dada akaniuliza, "ameshinda nini?"

Nilicheka. Hilo lilikuwa kosa la mdomo. Bwana hakunisamehe mpaka Ahero. Akalipiza kwa kuuliza kama samaki hao si wale wa China wanaokuja kwenye makontena. Usiwahi kumuuliza mwanamke wa Kano swali hilo. Alifunua gazeti, akamtoa ngege mmoja kwa mkia, akampitisha mbele ya pua yangu hadi mbele ya pua ya bwana. "Huyu alikuwa ziwani Dunga jana. Muulize jina la baba yake atakuambia." Mafuta yalidondoka kwenye suruali yangu. Hakuna aliyeomba msamaha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameniona.

Sasa niwaelezeni jambo moja. Mimi ni Mluhya wa Vihiga, lakini nimekaa Kisumu muda mrefu na Kijaluo nakielewa vizuri. Baada ya Ahero dada alimpigia rafiki yake simu akaanza kumsimulia jirani yetu kwa Kijaluo, kuanzia koti lake, kushuka hadi viatu, pasipo kusahau kibuyu. Sitarudia. Bwana akasikia jinsi rafiki alivyokuwa akiangua kicheko huko upande wa pili, akaniinamia.

"Mzee, anasema nini?"

Nikatazama saa. Nikafikiria kilomita zilizobaki, na kile kioo kilicholegea, na mgongo wangu. "Anasema," nikamwambia, "siku hizi ni nadra kuona mwanamume anayembebea shangazi yake maziwa."

Bwana alinyamaza. Kisha akanong'ona kitu kwa Kikipsigis, akitazama nje. Dada naye akanigusa kiwiko: huyo amenitukana? Mimi Kikipsigis sikijui hata cha kuombea maji. Lakini nilikuwa nimeshaanza kazi. "Anasema nywele zimekukaa vizuri. Anaona aibu kukwambia."

Dirisha likafungwa. Hakuna aliyeombwa; lilifungwa tu, taratibu, na mkono wa mwenye koti. Kwa mara ya kwanza tangu Kisumu sikuwa na upepo kifuani. Nilifunga macho nikajisifu. Nilikuwa nanunua usingizi, jamani, si kuunganisha koo mbili.

Kisha tukafika Awasi, gari likasimama.

Hiyo ni nchi ya miwa. Kiwanda cha Miwani kilianza miaka ya 1920, Muhoroni na Chemelil vikafuata miaka ya 1960, na tangu hapo barabara za pembe hiyo ni za trekta kwanza, sisi wengine baadaye. Mbele kidogo ya soko, trela lilikuwa limelala ubavu katikati ya lami, miwa imetapakaa kutoka mtaro hadi mtaro. Trekta lenyewe lilikuwa limesimama wima, halina hata mkwaruzo. Dereva wake alikuwa kwenye simu akimweleza mtu kwamba si yeye. Watoto wa shule, ambao saa hiyo walipaswa kuwa darasani, walikuwa wanasaidia kusafisha barabara kwa kubeba miwa kwenda makwao. Askari mmoja alisimama kuhakikisha kazi hiyo inafanyika kwa utaratibu, akitafuna.

"Dakika tano tu, wakubwa," konda alisema. Akaona nilivyomtazama, akaenda kununua mua.

Gari lililozimwa injini kwenye tambarare ya Kano, jua la saa nne, ni sufuria. Abiria wenye akili walishuka. Mimi sikuweza kushuka: kushoto kapu, kulia miguu mirefu. Ndipo kile kibuyu kilipofikia mwisho wa uvumilivu wake. Kifuniko kilitoka kwa kishindo, kikagonga dari, na mursik ikaruka. Bwana, kwa malezi mazuri, alikuwa amekielekeza kibuyu mbali na yeye. Mbali na yeye ni kwangu.

Suti ya kijivu. Kola, kifua, mfuko wa ndani wenye hati ya deni.

Dada alicheka. Alicheka hadi akakosa pumzi, akaniegemea begani, akajipata na maziwa shavuni, akacheka upya. Bwana akatoa leso akaanza kunipangusa huku akiomba radhi, ila macho hayakuwa kwangu. Alinipangusa shingo ambayo haikuwa na maziwa. Alinipangusa sikio. Alikuwa anamtazama dada akicheka, na mkono wake ulikuwa unafanya kazi wenyewe.

"Hebu leta nionje," dada akasema, "kabla mzee hajaimaliza yote kwa koti."

Ikamiminwa kwenye kifuniko, ya kijivujivu, nzito, chembe za mkaa zikielea juu. Kifuniko kikapita mbele ya pua yangu. Akaonja. Akakunja uso, akatulia, akaonja tena. Mimi, niliyekuwa nimeivaa, sikuulizwa kama nataka.

Wakati tunashuka ikabainika kwamba Awasi ni kwa akina dada. Nyumbani kwao ni ndani kidogo, kwa njia ya udongo mweusi ule unaonasa kiatu ukatembea na soksi. Na kibanda cha chakula kilichotazamana na matatu yetu kilikuwa cha shangazi yake. Shangazi, mama mnene mwenye leso mbili kiunoni, alinitazama suti, akamtazama bwana, akamtazama mpwa wake, akaleta viti vitatu. Nani alikaa katikati? Meza ilikuwa nyembamba, na wawili hao bado walikuwa wanaoneana haya ya kukaa bega kwa bega.

Bwana alikiri kwamba samaki mwenye miiba hajamzoea. Kwao akila samaki ni minofu. Dada akasikitika kwa dhati, kama mtu aliyesikia msiba. Akamvuta ngege kwenye sahani, ambayo ilikuwa imewekwa mapajani mwangu kwa kukosa nafasi. Akaingiza kidole gumba nyuma ya kichwa, akakipitisha chini ya mapezi ya mgongoni hadi mkiani, akaufungua upande mmoja, akaushika uti kwa vidole viwili, akauinua. Ukatoka mzima, na miiba yake yote, safi. Akaongeza kwamba shavu ndilo tamu kuliko kote, na jicho ni la mgeni. Jicho likapita mbele yangu kwenda kulia.

Na bado akakwamwa. Mwiba mmoja, mwembamba, ulikuwa umebaki tumboni. Bwana akatoa macho, akawa mwekundu kadiri mtu mweusi anavyoweza. Dada akafinyanga tonge la ugali wa mtama, kubwa, akamwamuru ameze bila kutafuna, akampiga mgongoni mara kadhaa, akinipiga na mimi kwa kuwa mkono ulikuwa unapitia kwangu. Tonge likashuka na mwiba wake. Bwana akapumua. Wakatazamana. Mimi nilikuwa nimeshika sahani, koti lake na kibuyu.

"Tumshukuru Mungu," shangazi akasema, na akaniletea bili.

Huwezi kuulaumu sana upande huu wa ziwa kwa kuwapendelea wapenzi na kuwasahau wengine. Ni mambo uliyozaliwa nayo. Reli ilipofika ziwani Desemba 1901, kituo chake cha mwisho, ambacho ndicho Kisumu, kiliitwa Port Florence, kwa jina la mke wa mmoja wa wahandisi. Uzuri ulioje. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India kuijenga reli hiyo tangu Mombasa hawakupata hata jina la steji. Niliwawaza sana pale Awasi, nikikausha kola juani.

Barabara ilifunguliwa mchana. Katika ile filamu ya Gable kuna usiku ambapo wawili hao wanalazimika kulala chumba kimoja, na kwa ajili ya heshima linatundikwa blanketi kwenye kamba kati ya vitanda. Mwisho wa filamu blanketi linaangushwa, watazamaji wanashangilia. Fikirieni mambo kwa upande wa blanketi. Konda aliniita kando na kuniambia kwa upole, "Mzee, wale wameomba wakae pamoja. Wewe nitakuwekea sambaza." Sambaza, kwa wasiojua, ni ubao unaolazwa kati ya viti viwili ili mtu akalie hewa. Nikauliza, na lile dirisha lililoachwa? Lilikuwa limeshauzwa kwa mama mmoja wa Awasi na jogoo wake. Nilipanda milima ya Kericho nikiwa nimekalia ubao, nanuka maziwa, baridi inaanza kuingia, na nyuma yangu nasikia bwana akimwambia dada, "Chukua koti langu, nyar Kano." Saa tatu zilizopita alikuwa hajui kama neno hilo la binti wa Kano lipo duniani.

Nilifika saa tisa. Mdaiwa alikuwa amesafiri. Simu yake ilikuwa imezimwa, na naamini hadi leo imezimwa kwa furaha.

Kabla ya kuachana, wapenzi walichukua namba yangu ili wanitumie pesa ya dobi kwa M-Pesa. Namba waliitumia, pesa hawakutuma. Iliingia simu ya shangazi.

"Jagam!" akaniita.

Nikamwambia amekosea namba. Akasema hajakosea. Kwa Wajaluo jagam ndiye mshenga, mtu anayemjua kijana na kumjua msichana, akasimama katikati. "Si wewe uliyekaa katikati? Si wewe uliyemwambia kila mmoja maneno mazuri ya mwenzake?" Kumbe walikuwa wamelinganisha hesabu. Walikuwa wamegundua kwamba hakuna kati yao aliyesema lolote kati ya yale niliyotafsiri, wakacheka, wakakubaliana kwamba hata hivyo yalikuwa kweli. Nikaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la maandalizi ya ayie, sherehe ya kumposa msichana. Nikapangiwa mchango. Nikatoka kwenye kundi. Nikarudishwa, na mchango umeongezwa.

Siku ya ayie nilikwenda na mke wangu, ambaye hajawahi kuwa na furaha kiasi hicho tangu tuoane. Alikuwa anawatazama watu kana kwamba ameingia ndani ya televisheni. Wageni wa Kericho walikuja kwa gari la kukodi, makoti mazito, vibuyu mbele. Nilikaa mbali na vibuyu. Bahasha ya mama ikatolewa, ikahesabiwa, ikarudishwa kidogo ili iongezwe, kama ilivyo adabu. Shangazi akasimama: jagam aeleze anamfahamu vipi kijana huyu. Nikasema kweli tupu, kwamba tabia yake siijui ila kibuyu chake kimenigharimu suti. Wakapiga makofi. Walidhani ni ucheshi.

Kisha mzee mmoja wa upande wa Kericho akajibu kwa Kikipsigis, sentensi ndefu, kwa sauti nzito, fimbo mkononi. Akamaliza. Kimya. Wenyeji wote wakanigeukia mimi.

"Mzee anasema," nikatafsiri, "ametoka mbali na hajala."

Chakula kikaletwa hapo hapo, kuku, aliya, ngege, osuga, ugali wa kila rangi. Yule mzee akanitikisia kichwa kwa heshima kubwa. Sijui alikuwa amesema nini, lakini alikula.

Nilidhani nimemaliza. Nilikuwa sijaambiwa kwamba ndoa ikiyumba, jagam ndiye wa kwanza kuulizwa. Hawa hawajayumba, wanabishana tu, kama walivyokutana, na bado wanapitia kwangu. Ugomvi wa sasa ni wapi wajenge. Dada hataki Kericho: baridi, mvua kila alasiri, nywele hazikauki. Bwana hataki Kisumu: joto, mbu, na wakwe wanaopita kuonja. Wananipigia usiku, spika imewashwa, nimelala. "Mzee, mwambie huyu." "Mzee, mwambie na yeye." Juzi nilichoka, nikafoka: basi jengeni Awasi, katikati, kwenye udongo mweusi unaopasua kuta na Mto Nyando unaotembelea watu majumbani, mteseke wote sawa!

Wakanyamaza. Nikalala vizuri kuliko siku nyingi.

Asubuhi dada akapiga, sauti tamu. "Jaduong', umesema neno." Shangazi ameshawatafutia ploti, sehemu iliyoinuka, hatua chache kutoka barabarani, mkabala na pale trela lilipolala. Wanataka nije kuwa shahidi Jumamosi. Wamenikatia nafasi gari la asubuhi.

Nimewajibu kwa ujumbe mfupi: dirishani, na pesa ya dobi mkononi kabla gari halijatoka steji.